Mbao si Kuni

Mpendwa kaka,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, kama zitakuwa zimebaki. Barua yako kutoka Maskati imefika. Nimeisoma kwa sauti sebuleni na Mama akaomba niirudie. Unasema unakuja Idi hii, na kwamba utamtengenezea Mama "pale pangu juu, alipopapenda sana." Nilipofika hapo nilicheka mpaka Mama akaniuliza nina nini. Nikamwambia nimepaliwa.

Basi nakujibu wazi, na yeyote atakayeichungulia barua hii begani mwako, naye aisome. Huenda wenzako wa huko umewaambia kuwa wewe ni fundi.

Wakumbuka karakana ya baba? Alikuwa akitufunga kitambaa machoni, anatuwekea maranda puani, tutaje mti. Msaji ulinuka kama viatu vipya. Saiprasi ilinuka kali, kama dawa ya kuchua. Mbambakofi harufu yake ilikuwa ndogo, ilibidi utulie. Wewe kila ukiwekewa ulipaza sauti, "Mvule!" na ukikosea ulisema una mafua. Baba alicheka mpaka akaweka randa chini. Nilikupenda sana siku zile, nakiri. Niliamini ni mafua kweli.

Ukakua, ukaenda kujenga kwenye majumba ya matajiri kule Kizingo, ukarudi na penseli sikioni na maneno mengi. Wakati huo baba alikuwa amenunua mbao kumi na nne za mbambakofi, akazilaza chini ya kitanda chake juu ya vijiti ili hewa ipite, na kila baada ya miezi michache alizigeuza. Miaka minne alilala juu yake. Ulikuwa ukisema mzee anaatamia mbao. Mimi aliniambia za nini: "Za mamako hizi. N'taka n'mtandikie kule juu ya paa, kwenye sutuhi, akae apunge upepo. Ile sakafu ya chokaa yamchoma miguu." Akafa kabla hajapigilia hata ubao mmoja.

Siku ya hitma yake kuni zikaisha. Sufuria za pilau zilikuwa pale uchochoroni, wapishi wanalalamika, na msikitini watu wanakaribia kumaliza kusoma. Wewe, uliyekuwa mkubwa wa nyumba kwa siku tatu nzima, ukaingia chumbani kwa baba ukatoka na mbao begani. Mama alikuwa ndiyo kwanza ameanza eda, hakuweza kutoka mbele ya wanaume wale. Aliona kupitia dirishani. Akanituma mbio.

"Mwambie kakako zile si kuni, ni za babake."

Nilikuja nikakwambia. Wakumbuka ulivyonijibu mbele ya wapishi, shoka mkononi?

"Wewe mwanamke, mbao wazijuliapi? Hebu rudi ndani!"

Nikarudi ndani. Hilo sijajisamehe, na lawama yake sikutupii wewe. Lakini shoka ulilishika wewe. Pilau liliiva vizuri sana, watu wakalisifu. Mama aliletewa sahani yake, akaitazama mpaka ikapoa.

Mbele yake alikuwa na miezi minne na siku kumi za kutotoka nyumbani, na joto la Mji wa Kale unalijua. Mahali pekee pa kuona mbingu palikuwa kule kwenye sutuhi, juu ya paa, nyuma ya ukuta wa kujisitiri. Sijui kama aibu ilikugusa au ulitaka kusifiwa na wageni wa matanga. Ulitangaza mbele ya ami zako kwamba utamtandikia mamako sakafu ya mbao ambayo hata Kizingo hawana.

Ukaleta makombo ya Kizingo. Vipande vya msaji, viwili vitatu vya mvule, na saiprasi mbichi iliyokuwa bado inatoa utomvu. Msaji ukaupanga karibu na ngazi, anapotokea mgeni. Saiprasi ukaitia chini iwe mihimili, pale pale maji yanapotuama, na iliyobaki ukaiweka katikati, pa kukanyagwa. Baba alikuwa akipitisha penseli yake kati ya ubao na ubao, ili mbao zipate pa kutanukia mvua ikija. Wewe ulizibana zote ukaita hiyo nadhifu. Kisha ukazipaka vanishi nyekundu zifanane. Ufundi wako wote ulikuwa huo, kuzifananisha.

Masika yalipoanza, kila mti ukarudia tabia yake. Msaji ulitulia. Saiprasi ilijikunja, ncha zikainuka, misumari ikatokeza vichwa vyenye kutu. Mama alipanda kila alasiri, anapapasa kwa kidole cha mguu kabla ya kukanyaga. Ulikuwa ukimfuata nyuma na swali lako.

"Mama, si pazuri?"

"Pazuri, mwanangu."

Mimi ndiye niliyekuwa nikimchomoa vibanzi vya nyayoni kwa sindano, mlango umefungwa. Alinikataza nisikwambie. Na wewe ulimwamini! Hapa ndipo ninapokudharau, kaka, kuliko hata kwenye kuni. Mtu mzima anajiita fundi, anauona ubao umeinuka vidole viwili, na bado anangoja mamake amwambie pazuri.

Eda ikaisha. Kesho yake Mama alivaa buibui, akashuka ngazi, akaenda Ganjoni kwa shangazi akashinda huko. Tangu siku hiyo hakupanda juu tena. Hakupanda hata mara moja. Wewe ulishapanda ndege kwenda Maskati, na kila barua yako ilipouliza, alisema nikuandikie kuwa hapajambo.

Mvua za Elnino zikaimaliza sakafu yako, mihimili na mbao zake. Niliipasua nikaitia jikoni. Hata kwa kuni haikufaa, kaka. Ilitoa moshi tu, tukala chapati zinazonuka vanishi.

Mimi mwanamke nisiyejua mbao nilikuwa nishaanza kununua mbambakofi, mbili leo, moja baadaye. Nilizilaza chini ya kitanda kile kile, juu ya vijiti, nikazigeuza. Imechukua miaka mitatu. Mwezi uliopita nilimwita Fundi Omari aliyekuwa akifanya kazi na baba, akazitandika kwa skurubu za shaba. Nafasi kati yake tulipima kwa penseli ya baba, ilikuwa bado kabatini.

Kwa hivyo ukija, njoo na halua, nyundo iache huko huko. Najua utapanda juu, utapiga kisigino mara mbili, na utatwambia, "Mvule huu." Sitakusahihisha.

Mama alipanda juzi baada ya sala ya alasiri. Sikumuuliza kitu, naye hakusema pazuri. Alivua viatu, akatembea mpaka mwisho bila kutazama chini, akaketi, akaniambia nimletee chai.

Yeye akusalimu sana. Za kwangu zimeishia njiani.

Ni mimi dadako, uliyemwambia arudi ndani.