Herufi Mbili Chini ya Orodha

Albertville,
Ijumaa, 18 Septemba 1964

Mpendwa Yaya Godelieve, dada yangu,

Kabla ya salamu, nakuomba kwa jina la mama aliyetuzaa: haya utakayosoma yasitoke mdomoni mwako. Shemeji Amisi mwambie tu kwamba niko hai. Ukimaliza, tia karatasi jikoni na uitazame mpaka iwe majivu.

Sasa nakusalimu. Hamjambo huko Kigoma? Kifua chako kimepona? Mtoto ameanza kutembea? Mimi mwili ni mzima, ila sauti ya buti barabarani inanikausha mate.

Unakumbuka siku ya uhuru, tulivyoimba stesheni? Tangu siku ile nimeona serikali nne zikipita katika biro yetu, ofisi ya serikali, na kila moja ilitumia karatasi zile zile za Wabelgiji, ikikata kwa wino jina la iliyotangulia. Reli ikakatwa upande wa Kongolo, chumvi ikaadimika, watu wakakimbilia porini. Papa Siméon, mzee wa kupeleka barua, alikuwa akisema, « Uhuru ulishuka kwenye treni, lakini mizigo yake njo ilibakia njiani. » Zamani tulicheka.

Nije kwenye neno lenyewe. Unamkumbuka Papa François, mkubwa wa biro, aliyenifundisha kupiga mashini ya kuandikia. Sheria yake ilikuwa moja: kila karatasi, chini kabisa upande wa kushoto, aliyeipiga aweke herufi mbili za mwanzo wa majina yake, ili kosa likionekana mwenyewe ajulikane. « Barua bila herufi ni mutoto bila baba, » alisema. Nikizisahau, nilirudia karatasi nzima. Baada ya miaka minne vidole vyangu vilikuwa vinaziweka bila kuniuliza.

Mwezi wa Julai, waasi wakiwa wameshika mji, mkubwa wao mmoja aliingia bironi na orodha ya majina iliyoandikwa kwa kalamu. Nikauliza ni ya nini.

« Ya mkutano. Weye karani, maulizo ya nini? Piga! »

Nilitaka kumwamini. Jina la kumi na moja lilikuwa la Papa François. Vidole vikasimama. Bunduki ilikuwa juu ya meza, kando ya kalamu zangu. Nikalipiga, Yaya. Nikalipiga vizuri, bila kosa. Na chini, upande wa kushoto, nikaweka herufi zangu.

Watu kumi na wanne waliitwa kwenye mkutano ule. Hakuna aliyerudi.

Mwisho wa Agosti askari wa serikali waliingia, waasi wakakimbia, nasi tukadhani tumepona. Lakini askari wameikuta orodha kwenye saraka ya meza, na wanamtafuta mwenye herufi. Papa Siméon aliniletea habari mapema: « Mwanangu, usikanyage tena biro. »

Mlango mmoja tu ulinifungukia: wa Mama Léontine, mjane wa Papa François. Hajui neno. Anadhani najificha kama vijana wengine, maana askari wanakamata kila kijana wakisema ni muasi. Ananipikia bugali na sombe ya majani ya muhogo. Amenivika shati la marehemu. Jana aliniambia, « Kula, mwanangu. Katika watoto wa biro yake, njo weye tu nimebakiwa naye. » Nililirudisha tonge kwenye sahani.

Jumatatu wajane wote wameitwa kambini kuonyeshwa orodha ile, wamtaje mwenye herufi. Mama Léontine anajua kusoma. Na herufi zangu anazijua: Papa François alikuwa akirudi nyumbani na barua nilizopiga, amwonyeshe kazi ya mwanafunzi wake.

Nimefikiri kutoroka kabla ya Jumatatu. Lakini hapo atazikuta herufi zile peke yake, katikati ya askari, ajue ni mkono gani aliokuwa akiulisha. Siwezi. Kesho nitamwambia mwenyewe, kabla sijala chakula chake. Akiita askari, nitamwelewa.

Nisalimie shemeji, na Mama Virginie jirani yako aliyenifumia sweta. Mbusu mtoto kwa ajili yangu. Mungu awafunike nyote, akuondolee kikohozi, na asikuonyeshe haya ninayoyaona.

Usinitumie kitu kwa posta. Barua yako mpe Mama Zaina, muuza dagaa aliyekuletea hii, anayevuka ziwa kila juma, aifiche kwenye kikapu cha chumvi, bila jina juu. Yeye atampa Papa Siméon. Mama Léontine akiniachia niende, nitavuka na Mama Zaina Alhamisi; shemeji asimame gatini na kofia yake ya reli, nimwone kwa mbali. Nisipofika, asimame Alhamisi ya pili pia. Hiyo nayo ikipita, usiandike tena, wala usimuulize mtu.

Na usitafute jina wala herufi chini ya karatasi hii. Mwandiko unaujua: ni wa mdogo wako akupendaye, uliyekuwa ukimbeba mgongoni.