Kofia ya Uzi wa Rangi ya Bamia

Mpendwa Somo,

Nakuandikia nikiwa nimeketi sakafuni kando ya sanduku lako. Mwaka umetimia tangu ututoke, na dada yako ameniita Kibokoni tupange vitu vyako kabla nyumba haijapakwa rangi. Lipo jambo nililotaka kukwambia ukiwa hai. Kila nikija nilikunywa kahawa yako, nikala visheti vyako, nikarudi nalo nyumbani.

Wakumbuka zile siku saba? Nilipovunja ungo, Mama alinikabidhi kwako, maana mambo yale mama hamwambii bintiye. Ukanifungia katika chumba cha uani, ukanisinga mwili kwa liwa yenye kunukia, ukanifunza ya kike yote bila kupepesa jicho, mimi nimejifunika leso uso mzima kwa haya. Tangu hapo nikawa mwari wako. Nikitoka shule napitia kwako kwanza, nakukuta ukumbini unashona kofia za watu.

Chini ya zile kofia za oda palikuwa na moja ndogo ya mtoto mchanga, ya uzi mweupe, imefika nusu. Ulikuwa umepita miaka arobaini, ndoa yako ina miaka ishirini, na mtoto hujapata. Wala hukuficha. Wanawake wakikuuliza ni ya nani ulijibu, "Ya wangu. Yuwaja."

Kisha siku moja nikaingia mbio na daftari la bayolojia.

"Somo, leo na mimi nina la kukufunza."

"Haya, mwalimu, nifunze."

Nikakuonyesha mchoro wa ovari, niliouchora kwa penseli za rangi. Nikakwambia mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, hatengenezi jipya hata moja. Hupungua tu mpaka yakaisha. Nikaongeza, kwa ule ujuaji wangu wa miaka kumi na mitano, kwamba kwa umri wako hayajabaki mengi.

Uliutazama mchoro. "Kumbe n'shaishiwa, nami sina habari," ukasema, ukacheka. Ukachomeka sindano kwenye kile kikofia, ukakikunja, ukaenda kuteleka chai. Sikukiona tena. Mimi mwari nilimfunza somo wangu mambo ya tumbo lake mwenyewe, na kwenye mtihani wa wiki ile nikapata alama zote.

Nilipojiunga na chuo cha ualimu nilikuwa nimekua kiasi cha kuelewa nililofanya, lakini ulimi ulikuwa mzito. Nikakuletea bunda la uzi kutoka Makupa. Ndio msamaha nilioweza kuuomba wakati ule. Ukaufungua, ukaniangalia.

"Rangi gani hii, mwanangu? Kama maji ya bamia! N'tamvisha nani mimi?"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ukautia mkobani, na sikuona hata kofia moja ya rangi ile.

Sasa mimi ndiye mwalimu wa bayolojia. Hivi karibuni, nikiandaa mada ile ile, nimesoma kwamba wapo watafiti wanaosema ndani ya ovari za panya, hata baada ya kuzaliwa, wameona seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuwa mayai mapya. Wengine wanasema wameziona hata kwa wanawake. Wengine wamezitafuta wasizione, wanashikilia lile la zamani. Wanabishana mpaka leo. Sisemi ungezaa, Somo. Nisije nikakupa tena maneno nisiyo na hakika nayo. Lakini jambo ambalo wataalamu wenyewe hawajalimaliza, mimi nililimaliza mbele yako kwa penseli za rangi. Nililia katika chumba cha walimu, nikawaambia wenzangu ni pilipili ya maembe.

Leo tumefungua sanduku. Chini ya leso zako ambazo hukuwahi kuzivaa kulikuwa na foronya yenye asumini zilizokauka, na ndani yake kile kikofia. Kimeisha. Nusu ni nyeupe, ile niliyoijua. Nusu ya pili, mpaka juu, ni rangi ya bamia.

Dada yako akauliza, "Hiki cha nani?"

"Cha mtoto wa Somo," nikamwambia.

Kesho nina kidato cha tatu. Nitawafundisha lililomo kitabuni, kisha nitawaambia kwamba hapa wapo wasiokubaliana, nao waliandike hivyo hivyo. Kikofia nimeomba nikae nacho, dada yako amekubali.

Miaka yote hii niliamini kwamba siku ile nilikukatisha tamaa. Kumbe ulinisikiliza, ukanicheka, ukanitelekea chai, na hukuniamini. Alhamdulillahi, Somo, hukuniamini.

Lala kwa rehema za Mola.

Mwari wako