Bado Kidogo, Kuna Mawingu

12 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile sikio la kushoto limepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Bosi ameng'oka jino la mbele na anakataa kucheka. Anasema atacheka likiota.

Baba, nina jambo ambalo nimelizungusha kichwani wiki nzima. Unakumbuka ile picha ya kisiwa iliyokuwa kwenye mlango wa friji letu? Nyumba ndogo za mbao zimesimama juu ya maji, kila moja na ngazi yake ya kushukia baharini. Mwanao aliikata kwenye kijitabu cha wakala wa safari mwaka tuliooana. Kila mwaka tulisema mwakani. Mpaka mwaka ule tukanunua sanduku kubwa la bluu, na wiki iliyofuata daktari akatuita kutupa majibu ya figo. Sanduku lile safari yake ilikuwa moja tu, ya hospitali. Lilikwenda na nguo zake likarudi na nguo zake, na gurudumu likavunjika nikilishusha ngazi peke yangu.

Sasa nimeamua kwenda. Mwezi wa saba, shule zikifungwa. Ni mbali, ndege mbili na usiku mzima angani, lakini wakala anasema msimu huo hakuna mvua. Nataka Bosi apaone mahali baba yake alipotaka kutupeleka. Najua likizo ya mwezi wa saba ni yako, kila mwaka Bosi huja dukani kukusaidia kuharibu kazi. Mwaka huu atachelewa. Naomba usiumie.

Sanduku nakuletea ulitengeneze. Kuna mfanyakazi mwenzangu anapita huko kikazi, atakuachia dukani.

Mwanao,
Mama Bosi


27 Aprili

Kwa mwanangu Mama Bosi,

Marahaba. Mimi mzima. Sikio ni lile lile, linasikia linachotaka. Ndiyo maana nashukuru unaponiandikia, kwa sababu kwenye simu nyote mnaongea kama mko ndani ya pipa. Mwambie Bosi acheke tu. Mimi meno nimebakiza machache na nacheka kila siku.

Sanduku limefika. Nililiweka juu ya meza ya kazi nikalifuta vumbi, halafu nikakaa nalo kidogo kabla ya kulifungua. Ndani kuna kile kikaratasi cha jina lake, kwa mwandiko wake wa kulala. Kuna na soksi moja. Nimeitunza.

Sijui kama aliwahi kukusimulia hili. Alipokuwa mdogo kuliko Bosi, mama yake akiwa kazini, nilikuwa naye dukani kutwa. Akichoka kuchezea vipande vya ngozi, anaingia kwenye sanduku la mteja, anakaa, anashika kingo. "Baba, twende kisiwani." Kisiwa kilikuwa chini ya meza ya kushonea, nilikotandika turubai kuukuu. Basi namsukuma. Duka lenyewe unalijua, ukipiga chafya mlangoni, aliye ukuta wa nyuma anakuitikia. Lakini yeye njiani lazima aulize, "Tumefika?" Nami lazima nijibu, "Bado kidogo, kuna mawingu." Nikisema tumefika kabla ya mawingu, ananuna, tunarudi mlangoni kuanza safari upya. Siku moja mteja alikuja kuchukua sanduku lake akamkuta mtoto amelala ndani fofofo. Akaniuliza, "Fundi, na hiki nacho nakilipia?"

Kwa hiyo nendeni. Bosi atakuja mkirudi, mimi sina pa kwenda.

Sasa huyo kijana aliyeleta sanduku. Alikaa kwenye kigoda cha wateja mpaka jioni. Alinishikia uzi, tena alinawa mikono kabla ya kugusa ngozi ya watu. Nilimpa chai, tukaongea mengi. Ni nani, mwanangu? Na huko kisiwani mtakuwa wangapi? Niambie tu, bila kuogopa.

Baba


9 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo Baba. Tumefurahi kusikia u mzima. Niliposoma habari ya soksi niliikunja barua nikaenda kuosha vyombo, na vyombo vilikuwa vimeshaoshwa.

Maandalizi yanaendelea. Pasipoti ya Bosi imetoka, amepigwa picha amefumba mdomo kama hakimu. Tumechanjwa. Alianza kulia yeye, nikamalizia mimi. Ile nyumba ya juu ya maji nimeshaiwekea nafasi, na kifungua kinywa kimo humo humo. Ina vitanda vitatu, ndivyo wanavyoziuza. Mizigo ndiyo inanisumbua. Kwenye ndege ya pili wakikuta sanduku limezidi uzito wanakutolea nguo mbele za watu, kwa hiyo kila jioni napeleka mafurushi kwa jirani muuza unga anipimie. Ameanza kuniuliza nauza nini.

Yule kijana ni fundi wa lifti kwenye jengo letu la kazini. Nikiwa pale mapokezi humwona akipita na boksi lake la vifaa, basi. Alikuwa anakuja huko, nikamwomba. Sisi tutakuwa wawili, mimi na Bosi.

Gurudumu umepata?

Mwanao,
Mama Bosi


20 Mei

Kwa Mama Bosi,

Barua yako nimeipata. Mimi mzima. Gurudumu la kufanana na hilo halijapatikana. Sanduku bado.

Msalimie mtoto.

Baba mkwe wako


28 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo Baba. Tangu niolewe hujawahi kuniandikia "baba mkwe". Siku ya harusi uliniambia hilo neno mkwe tuliache nje pamoja na viatu. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, imebaki fupi vile vile.

Nimekudanganya, Baba. Fundi wa lifti hakuwa na kazi yoyote huko. Nilimtuma mimi. Anataka kunioa, ameniomba tangu mwaka jana, na sijamjibu. Nikajiambia, akae na Baba siku moja, Baba asijue ni nani, amwone kama anavyomwona mteja yeyote. Nilimkataza kusema neno. Aliporudi nikamuuliza, mliongea nini? Akasema, "Mambo ya ngozi." Nikamuuliza, Baba amekuonaje? Akasema, "Muulize mwenyewe." Kila nikimbana ananiambia hivyo hivyo, "Mwandikie baba yako." Ana kitu moyoni tangu siku ile na sijui ni nini.

Kitanda cha tatu ni chake. Niliogopa kukuambia. Niliogopa utasema namweka mtu mahali pa mwanao, katika nyumba ile ile aliyoichagua, na sanduku lile lile. Na ndivyo ilivyo, sasa nikiiandika naiona. Ukisema asiende, haendi. Ukisema na Bosi asiende, nasimamisha yote namleta kwako. Nitukane ukitaka. Lakini usininyamazie.

Mwanao, kama bado,
Mama Bosi


24 Juni

Kwa Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu.

Jana nilipiga simu dukani, akapokea yule muuza magazeti wa mlangoni kwako. Akasema u mzima, unashona. Aliponitambua sauti akacheka. Nikamuuliza, unacheka nini? Akasema, "Mama, mtaa mzima unajua," akakata. Unajua nini, Baba?

Tunaondoka Jumamosi ya tarehe nne. Nimeazima begi kwa jirani, zipu yake inafunga ikijisikia. Fundi wa lifti nimemwambia asinunue hata kandambili mpaka nisikie kutoka kwako. Jana Bosi ameniuliza, "Babu amenikasirikia mimi?"

Mama Bosi


30 Juni

Kwa mwanangu Mama Bosi,

Marahaba, na za siku zote ambazo sikuitikia, marahaba. Mimi mzima. Mwambie Bosi leo leo, kabla hujasoma zaidi, kwamba Babu hajamkasirikia hata kidogo.

Sanduku nimelituma kwa basi la asubuhi, na barua hii nimeitia kwenye mfuko wake wa juu.

Nianze na muuza magazeti. Jioni ile, kijana wako alipotaka kuondoka, alisimama mlangoni akasema kitu. Sikusikia. Nikamwambia paza sauti. Akasema tena, nikamgeuzia sikio la kulia, bado. Nikamwambia, kijana, paza, hapa si maktaba. Ndipo akapiga kelele: "Mzee, mimi si mteja! Nataka kumwoa mkamwana wako! Amenikataza kusema, lakini nimekunywa chai yako, siwezi kuondoka hivi!" Cherehani ya duka la pili ikanyamaza. Muuza magazeti akaweka magazeti chini akasema, "Mzee, hapo umeshaachishwa kazi." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, lakini nilipofunga duka kicheko kilibaki nje.

Kwa hiyo nilijua, mwanangu, kabla sijakuuliza. Nilimwomba asikuambie kwamba amesema, kwa sababu nilitaka nisikie kutoka kwako. Amelitunza neno langu, na wewe ulikuwa unambana, na yeye ndiye anayekutaka. Hilo nimeliona.

Ulipoandika "wawili", hapo ndipo niliumia. Si kwa ajili yake. Mwanangu nilimzika mwenyewe, najua harudi kulala kwenye kitanda chochote. Niliumia kwamba umeniweka katika watu wa kuogopwa. Ndipo nikakuandikia ile barua fupi. Na gurudumu nilikuwa nalo siku ile ile sanduku lilipofika. Basi uongo wako na wangu, tumelipana.

Kisha ukaniambia yote, na mimi nikashindwa kujibu. Hasira ilikuwa imekwisha. Niliandika, tena niliandika. Nikifika chini, pa kutia sahihi, kalamu inasimama. Maneno ya yule mtu wa magazeti yananirudia. Nikajiuliza, akiolewa, mimi nitakuwa nani wake? Na Bosi, huyo kijana naye ana baba yake, mtoto atakuwa na babu wangapi, na mimi nitakuwa wa ngapi? Nikachana. Mpaka ikaja barua yako ya mwisho. Kila siku huweka "mwanao" juu ya jina. Safari hii pako patupu. Nikaigeuza karatasi nikidhani umeandika nyuma. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, nikaacha kujihurumia nikachukua koleo nikamaliza kazi.

Sasa nasema. Kama moyo wako unamtaka, mjibu. Kama haumtaki, hilo si langu, chai nitampa vile vile. Lakini anunue kandambili.

Magurudumu nimebadilisha yote manne, nimeweka ya kiti cha ofisi, hayo hata ukilishusha ngazi hayavunjiki, ingawa usilishushe tena peke yako. Mkono wa kuvutia nimeurefusha. Mwanangu alikuwa mfupi kama mimi, na huyu ni mrefu, angelivuta amejikunja kama anatafuta kitu chini. Kikaratasi cha jina sijakigusa, nanyi naomba msikiguse. Soksi inabaki kwangu. Begi la jirani rudisha, zipu hiyo itakuaibisha.

Mkirudi mnileteeni Bosi. Nina kazi nyingi ambazo hazijaharibiwa.

Nina ombi moja. Mkifika kwenye hiyo nyumba yenu ya mbao, nguo zote mwageni kitandani. Bosi akae ndani ya sanduku, ashike kingo. Kijana amsukume kutoka mlangoni mpaka pale inapoanzia ngazi ya maji, na hapo ashike breki. Namna yake anaijua, nilimsimulia jioni ile alipokuwa amenishikia uzi. Bosi akiuliza kama mmefika, asiwe na haraka. Amwambie bado kidogo, kuna mawingu.

Hapo, mnikumbuke.

Baba