Mamba Niliyemwita Gogo

Garsen, Jumamosi, mwezi wa tano 1956. Mchana.

Mawingu tangu asubuhi. Mvua haitaki kunyesha wala haitaki kuondoka, na mbu wameamka mapema. Nimekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, baiskeli imeegemea ukuta, na moyo wangu hauna raha hata kidogo.

Niandike kabla sijabadili nia. Namwonea wivu Mwalimu Kazungu.

Si wivu wa mke. Huo ningejua la kuufanya. Ni wivu wa macho yake.

Mwalimu ni Mgiriama, aliletwa mwaka jana kufundisha shule yetu. Mimi ni Mpokomo, nimezaliwa hapa hapa, na kitovu changu kimezikwa hatua chache kutoka ukingo wa mto. Kazi yangu ni udresa wa zahanati, kufunga vidonda na kugawa dawa. Watu huniita daktari, nami siwakatazi. Mara mbili kwa wiki nakwenda Minjila na sanduku la dawa nyuma ya baiskeli, kengele mbele, kofia kichwani. Yeye huenda kwa miguu, viatu mkononi kukiwa na matope. Mtu angedhani mwenye magurudumu ndiye anayekutana na wanyama wengi zaidi. Sivyo. Baiskeli yangu ina bamba la matope linalogonga gurudumu la mbele, na kila chenye masikio kinanisikia tangu mbali. Ninachokiona mimi ni vumbi na matako ya ngiri.

Halafu kuna miba. Mtu asiyeendesha baiskeli katika nchi hii hawezi kuelewa. Njia nzima macho yangu yako chini, hatua moja mbele ya gurudumu, natafuta mwiba kabla haujanitafuta. Twiga anaweza kusimama kando nikampita.

Zamani haikunisumbua. Jioni wanaume tunakaa barazani kwa Salimu mwenye duka, na kila aliyetembea husema alichokutana nacho. Si porojo tu. Mchungaji wa Orma anataka kujua nyati wako upande gani kabla hajahamisha ng'ombe. Mvuvi anataka kujua viboko wamelala bwawa lipi. Mwenye habari hupewa kahawa kwanza, na kwa miaka mitatu mwenye habari nilikuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda mbali. Nilitosheka kusema, "Njia ni nyeupe," na watu wakaitikia.

Akaja huyu.

Wiki hii Jumatatu alileta habari ya kuro jike na ndama wake, wamesimama majini hadi kifuani, mama akimziba mtoto upande wa mkondo. Jumanne alileta furukombe wawili waliomgombania kambare hewani mpaka kambare akaanguka na kuwaponyoka wote wawili. Jumatano ilikuwa kenge aliyeiba mayai ya kanga, na Mwalimu akainuka kutuonyesha kenge anavyotembea akiwa ameshiba. Salimu alicheka hadi akamwaga kahawa. Kahawa iliyomwagika ilikuwa yangu.

Siku hiyo hiyo mzee Godana, mwenye ng'ombe upande wa Minjila, aliniuliza kama nimewaona nyati. Nikasema sijaona kitu. Akanitazama, akaitazama baiskeli, akasema kwa upole kabisa, "Daktari, wewe iko na mguu ya chuma. Lakini macho, mwalimu ndiyo iko nayo."

Watu hawakucheka sana. Afadhali wangecheka sana.

Na nyumbani ni yale yale. Mke wangu Habona huyasikia yote kutoka kwa wanawake wenzake. Naweka tonge mdomoni, ananiambia Mwalimu kaona ndege keremkerem wekundu wakichimba ukingo ulioporomoka. Najibu kwamba mimi nimewaona hao tangu utotoni. Anauliza mbona sijawahi kumwambia. Nasukuma sahani kando.

Sasa Alhamisi. Hapa ndipo nilipotaka kufika, na hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito.

Mahali pa kutekea maji pana uzio wa miti iliyopigiliwa majini, mti kwa mti, ili mamba asiingie wanawake wanapoteka. Mafuriko ya juzijuzi yameleta magogo na kuugonga uzio. Desturi yetu iko wazi: anayeona mamba karibu na pa kutekea husema barazani jioni ile ile. Kesho yake wanaume hawaendi shamba. Wanakwenda na mapanga kutengeneza uzio. Mpaka uwe tayari, wanawake hawashuki. Wanateka kutoka juu ya ukingo kwa kibuyu kilichofungwa kwenye ufito mrefu, kazi ya kuchosha. Na watu wawili wakisema tofauti, aliyepita mwisho ndiye husikilizwa.

Alhamisi jioni Mwalimu alisema ameona mamba. Mchana, akiwa ng'ambo, alimwona amelala kwenye fungu la mchanga juu kidogo ya pa kutekea, mkubwa, mkia umekatika ncha. Akasema pia kwamba uzio una pengo upande wa juu.

Nakumbuka Salimu alivyoanza kummiminia kahawa. Nami nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Mimi nimepita pale jua likizama, baada ya huo mchana wake. Ni gogo. Lina tawi limekatika."

Hakuna aliyebisha. Kila mtu ana mpunga unaomsubiri, na hakuna aliyetaka kupoteza siku majini. Niliona mabega yao yakilegea kwa furaha. Mwalimu alinitazama kidogo, akainamisha kichwa, akanywa kahawa yake. Mimi nilipewa yangu.

Kweli nilipita. Lakini sikuangalia. Macho yalikuwa kwenye miba.

Sikusema uongo ili mtu aumie. Nilitaka jioni moja tu. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili na kuifuta, kisha nimeirudisha, maana ndiyo ilivyo.

Jana, Ijumaa, nilitoka alfajiri kwenda Minjila. Niliapa kwamba safari hii nitaona kitu. Nililifunga bamba la gurudumu kwa kitambaa cha bendeji (cha serikali, Mungu anisamehe) lisigonge. Kwenye uwanda nilishuka nikaikokota baiskeli, polepole. Na nikaona! Mbuni wawili, dume na jike, na vifaranga kumi na mmoja wakikimbia katikati yao. Dume alipoinama vifaranga wote walisimama. Niliwatazama mpaka miguu ikafa ganzi. Sijawahi kuwatazama mbuni namna hiyo maishani mwangu, nami nimekua nao. Niligawa dawa Minjila haraka haraka, nikamkatia mtoto wa watu bendeji fupi, nikarudi nikiwa natunga kichwani jinsi nitakavyowaeleza barazani. Nilikuwa nimeshaamua kuinama kama yule dume.

Nilipokaribia nyumbani nikakuta watu wamejaa mlangoni.

Habona alikuwa amekaa chini, leso yake imelowa hadi kifuani, mguu wa kulia una mchubuko mrefu kuanzia gotini hadi kwenye kifundo. Wanawake walinieleza wote kwa pamoja na ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa ameshuka kuteka kama siku zote. Mwalimu alikuwa pale ukingoni tangu kuchomoza kwa jua, ameshika upondo wa mtumbwi. Walimtania kwamba leo ndege gani amemwamsha, naye akawajibu anamngoja mdiria. Habona aliinama na debe lake. Mamba akaja kupitia pengo la juu. Mwalimu alimwona kabla ya maji kutikisika, akaruka, akampiga kwa upondo mdomoni, na kwa mkono mwingine akamvuta mke wangu juu ya ukingo, mguu wake ukakwaruzwa na miti ya uzio. Mamba aliondoka na debe. Ncha ya mkia wake imekatika. Wanawake wote waliiona.

Niandike pia jambo la pili, ambalo sidhani kama kuna mtu ameliandika kabla yangu. Wazo la kwanza lililonipita moyoni, kabla ya kumgusa mke wangu, kabla ya kumshukuru Mungu, ni hili: basi habari ya mbuni wangu haina tena wa kuisikiliza.

Ndipo nikaitupa baiskeli na kumwendea.

Nilimsafisha kidonda mwenyewe. Machozi yalidondokea bendeji hadi akanishika mkono. Akasema, "Baba Maro, nimepona. Usilie." Akadhani nalia kwa ajili yake. Nusu ilikuwa kwa ajili yake.

Mchana wanaume wote walikwenda kwenye uzio. Nami nilikwenda, nikaingia majini mpaka kwapani, nikachukua miti mizito kuliko wengine. Nilikuwa nangoja mtu aseme. "Wewe daktari, si ulisema ni gogo?" Hakuna aliyesema. Jioni barazani Salimu alianza, "Lakini jana si tuliambiwa..." na kabla hajamaliza Mwalimu akadakia. Akasema huenda alichokiona yeye Alhamisi kweli kilikuwa gogo, kwa mbali mtu hukosea, na mamba akaja usiku. Watu wakaona ni sawa. Godana akanipa pole ya mke wangu na kuniita ndugu.

Nilikunywa kahawa ile nikatamani ingenichoma.

Kwa hiyo sasa Mwalimu ananizidi kwa hili pia. Nilijilaza nikageuka huku na huku nikimchukia kwa wema wake, na huo ni ugonjwa ambao sanduku langu halina dawa yake.

Leo nimekwenda kwake. Kwa miguu, nimeona haya kupiga kengele mlangoni pa mtu huyo. Anakaa chumba kimoja nyuma ya shule. Alikuwa anasahihisha madaftari ya watoto, akanivutia kiti, akauliza mguu wa mama unaendeleaje. Nikasema unaendelea vizuri. Halafu nikasimama, maana nilihisi maneno hayatatoka nimekaa.

Nikamwambia, "Mwalimu, Alhamisi sikuangalia. Nilipita tu. Niliposema ni gogo, sikuwa nimeona kitu chochote."

Aliweka kalamu chini.

"Najua, daktari," akasema. "Nilikuwa bado ng'ambo, nangoja mtumbwi. Nilikuona ukipita. Nilikupungia mkono na kukuita, maana mamba alikuwa bado pale pale, nawe hukuinua kichwa."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Sauti yangu ilitoka kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Akasema yeye ni mgeni hapa, mimi ni mwenyeji, tena mtu wa makamo na mtumishi wa serikali, na kumwaibisha mwenye mto mbele ya wazee wake aliona ni vibaya. Akaona atakwenda yeye alfajiri na upondo, awalinde wanawake mpaka mmoja wetu apate namna ya kusema ukweli barazani. Kisha akaangalia mikono yake.

"Nami nilikosea," akasema. "Heshima yako niliipima na maisha ya mkeo, nikachagua heshima yako. Upondo ungeteleza ningefanya nini? Tangu jana silali."

Nilikuwa nimekwenda kuungama, nikakuta mwenzangu naye ana lake, na la kwake limetokana na langu. Tulikaa. Kulikuwa na mjusi ukutani akimnyemelea nondo, na wote wawili tulimtazama mpaka akamkamata. Mwalimu akatabasamu. Ni mara ya kwanza nimeona kitu pamoja na yeye badala ya baada yake.

Nilipoaga aliniuliza, "Umemwambia Mama Maro?"

Nikasema bado.

Akasema, "Mimi sitamwambia. Lakini leo asubuhi amenitumia kuku kwa shukrani. Sijamchinja. Nimemfunga nyuma ya nyumba. Siwezi kumla kabla mke wako hajajua anashukuru kwa ajili ya nini."

Nimerudi, nimeandika haya yote, na mvua sasa imeanza, matone makubwa, yanaharibu wino. Ndani namsikia Habona akichechemea, ananiita nikale, ananiuliza jana Minjila niliona nini, maana alisahau kuniuliza. Sauti yake ina furaha. Amenipikia kambare.

Wivu haujaisha, nisijidanganye. Bado unakaa pale pale chini ya mbavu. Ila sasa najua ulikuwa karibu kunigharimu nini, na yule anayenitilia chakula hajui.

Sitaanza na mbuni. Naingia ndani nimwambie kabla hajanipakulia.