Tanuri Langu na Paa la Bi Zuhura

Kasulu, Alhamisi, Septemba 1976

Jua la leo ni kali, na vumbi jekundu limetanda juu ya kila kitu, hata juu ya ukurasa huu. Milima ya upande wa Munanila haionekani kwa moshi wa mashamba yanayochomwa. Mikono yangu imechanwachanwa na nyasi na kalamu inaniuma vidoleni, lakini nataka kuandika sasa hivi, kabla sijaanza kuyapamba mambo.

Jumatatu Bwana Afya alikuja. Alisimama uani, akalitazama tanuri langu kama mtu anayemtazama ng'ombe mgonjwa, kisha akasema hiki ni kiwanja cha makazi. Watu wanakaa hapa, wanalala hapa, wanapika chakula chao hapa. Kuoka mikate ya kuuza ni biashara, na biashara mahali pake ni sokoni. Akanipa hadi Ijumaa niwe nimelibomoa.

"Mwambie mume wako," alisema.

"Mume wangu yuko Kitahana, anajenga zahanati. Na tanuri ni langu."

Mume wangu Filipo ndiye aliyelijenga, ni kweli, kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe. Lakini anayeamka alfajiri kulikoleza ni mimi. Kazi hii nilijifunza kwa masista, nilipokuwa msichana wa jikoni misheni, na huu ni mwaka wa nne naoka hapa nyumbani. Mikate inakwenda hospitali na inakwenda stendi, wanakosimama abiria wa Kibondo. Sokoni siwezi kuhamia. Mama mkwe wangu amelala ndani mwezi wa tano sasa, upande mmoja wa mwili umekufa, na mtu wa kumgeuza ni mimi peke yangu. Nikiwa uani namsikia akiita. Nikiwa sokoni nani atamsikia?

Haya yote nilimweleza Bwana Afya. Alisikiliza vizuri, maana si mtu mbaya. Akasema kanuni ni kanuni, na jirani amelalamika.

Nilijua jirani gani, na nilijua kwa nini.

Mwezi uliopita, asubuhi moja yenye upepo, cheche ziliruka kutoka kwenye tanuri langu. Niliziona. Moja ilipanda juu, ikavuka ua, ikatua kwenye paa la nyasi la jiko la Bi Zuhura, yule mke wa mwenye duka, mtu wa Ujiji. Nilisimama na koleo mkononi nikijiambia itazimika yenyewe. Haikuzimika. Nilipomsikia akipiga kelele nilikimbia na ndoo ya maji kama majirani wengine wote. Pembe moja tu ya paa iliungua, lakini yeye alikuwa amekwisha kuzing'oa zile nyasi zinazowaka kwa mkono wake. Kiganja chake cha kulia kilivimba, kikatoka malengelenge.

Watu wakauliza moto umetoka wapi. Mimi nikasema, mbele ya wote, labda ni moto wa jikoni kwake mwenyewe.

Nimeuandika uongo wangu. Sasa upo.

Jumanne nilimwacha mama mkwe na binti wa dada yangu, nikapanda bomani. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinifaa, la sivyo nisingethubutu. Nilimwomba karani anionyeshe hiyo kanuni kwa macho yangu. Alishangaa kidogo. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwomba hivyo. Alifungua kabati, akafungua faili, akasema, "Kaa, mama, nikusomee."

Akasoma yale yale ya Bwana Afya. Kiwanja cha makazi ni cha makazi. Nikamwambia asiishie hapo, kwa kuwa niliona maandishi yanaendelea upande wa pili. Akageuza karatasi. Upande wa pili palikuwa na neno "isipokuwa". Kazi ndogo ya mikono inaweza kuruhusiwa nyumbani. Kama ni kazi ya moto, basi moto uwe hatua ishirini kutoka jengo lolote la jirani, bomba la moshi lipite urefu wa paa, na jirani anayepakana naye akubali kwa maandishi.

Nilimwomba anisomee tena. Nilitoka nikiwa nimeishika kichwani neno kwa neno, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu hatua. Bomba naweza kulijenga. Tanuri naweza kulihamisha. Lakini maandishi ya Bi Zuhura?

Jana asubuhi nilikwenda kwake. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za kanuni, za mama mkwe, za hospitali inayongoja mikate. Alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mchele kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala mapajani, ngozi yake mpya, nyekundu, inang'aa.

"Karibu, Mama Devota," alisema.

Maneno yote niliyoyaandaa yakanitoka. Nikapiga magoti pale kwenye vumbi kama tunavyofanya sisi Waha mbele ya mtu mzima, nikasema, "Bi Zuhura, ule moto ulikuwa wangu. Niliiona cheche ikitua. Nikasema uongo mbele ya watu."

Aliendelea kuchambua. Kokoto moja, kokoto nyingine.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa mlangoni. Nilikuona umeinua uso unaitazama." Kisha akaniangalia. "Mimi ndiye niliyekwenda kwa Bwana Afya. Sikwenda siku ile. Nilingoja wiki tatu. Kila ulipopita nikasema, leo Mama Devota ataingia. Ukapita tu na mikate yako."

Nilimwambia nimekuja pia kuomba kitu, na nikamweleza habari ya maandishi. Nilijiona sina haya kabisa, lakini Ijumaa ilikuwa inakaribia.

Hakukasirika. Alisema, "Kwanza paa. Mvua zikija nitapikia wapi?"

Basi jana ile ile nilimwomba tena binti wa dada yangu akae na mama mkwe, nikashuka bondeni, upande wa njia ya Makere, ambako kuna nyasi ndefu zisizofikiwa na moto. Nikakata mpaka mundu ukaanza kuteleza mkononi. Nimepanda kilima mara tatu na mizigo kichwani. Leo tangu asubuhi nilikuwa juu ya jiko la Bi Zuhura, nikiezeka, naye chini akinirushia matita kwa mkono ule mzima. Hatukuzungumza sana. Mara moja aliniambia nimelaza nyasi kinyume, na kweli nilikuwa nimezilaza kinyume, nikazitoa nikaanza upya.

Tulipomaliza, alizunguka jiko zima akikagua. Aliingia ndani akatazama juu akitafuta mwanga unaopenya. Alipotoka akasema, "Lete karatasi yako."

Chini ya maneno ya kukubali niliyokwisha kuyaandika, aliandika jina lake kwa kalamu yangu, polepole, maana kiganja bado kinamvuta. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani huko Ujiji alipokuwa mtoto.

Bwana Afya alifika saa tisa, siku moja kabla, nadhani alitaka kuona kama nimeanza kubomoa. Nilikuwa nimeanza. Matofali ya juu nilikwisha kuyashusha na kuyapanga pembeni, na masizi yalikuwa yamenijaa mpaka masikioni. Alifurahi. Ndipo nikamwambia ninahamisha, sifungi, nikamsomea kwa kichwa yale ya upande wa pili wa karatasi. Nina mashaka kama aliwahi kuugeuza ukurasa ule.

Nikampa karatasi.

"Hii ni nini?"

Bi Zuhura alikuwa amesimama kwenye ua wake. "Ni jina langu. Kama huwezi kulisoma, nitakusomea."

Akaitikia kwa kichwa, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Kisha akaanza kupima hatua kutoka jiko la Bi Zuhura kuja pale nilipokwisha kusafisha mahali pa tanuri jipya. Kwa hatua zangu zilikuwa ishirini; kwa zake, kumi na tatu. Nilimwomba arudie kwa hatua fupi zaidi. Akarudia. Kumi na nne na nusu.

Hatua ishirini za Bwana Afya zinafika chini kabisa ya kiwanja, kwenye migomba. Mama mkwe wangu aliipanda akiwa bibi harusi, na mpaka leo akitaka kujua kama nyumba ni nzima anauliza, migomba imezaa? Ili tanuri likae pale, mashina saba lazima yatoke.

Bwana Afya amesema atarudi baada ya wiki mbili. Akikuta tanuri liko mahali pake na bomba lake limesimama, atapeleka maombi yangu mbele. Akikuta bado, basi.

Nimeingia ndani nikamwambia mama mkwe ukweli wote, cheche, uongo na migomba. Ulimi wake ni mzito siku hizi, lakini neno moja lilitoka wazi. "Ego," alisema. Yaani ndiyo, kwa Kiha chetu. Kisha akageuza uso ukutani, na sikumfuata kumtazama.

Kuna jambo moja linanisumbua ninapoandika haya. Kama Bwana Afya asingekuja, ningeingia kwa Bi Zuhura lini?

Nataka kuandika kwamba ningeingia. Siwezi kuliandika.

Kesho naanza na shina la kwanza, lile lililo karibu na ua. Nitakata mwenyewe.