Kamba ya Nguo Inayoangalia Bahari

Mama,

Nimerudi Kasongo juzi, na mgongo bado unaniuma kwa pikipiki ya kutoka Kabambare. Najua ungeniambia nioge kwanza, nile, ndipo nianze kusema. Nimeoga. Kula kumenishinda, basi nakuandikia.

Nilikuwa Dar es Salaam. Tangu ulipotuacha, meza yako ya vitenge sokoni ninayo mimi, na safari hii hapakuwa na mwingine wa kufuata mzigo. Nilifunga nguo mbili na mfuko wa mchele wetu wa Lusangi. Wanangu walinicheka, eti nani anapeleka mchele hotelini. Lakini maneno yako hayakuniachia: "Mutu hawezi kuingia mu nyumba ya watu mikono mitupu." Nami sikuwahi kulala hotelini maishani mwangu. Nilijua nyumba ni nyumba tu, na mwenyewe yupo.

Mji ule ni mzuri hadi unakera. Kando ya bahari hoteli za vioo zimepangana, na walinzi wa mlangoni wamevaa kuliko bwana harusi wa kwetu. Hizo nilizipita haraka kabla hawajaniuliza ninatafuta nini. Yangu ilikuwa nyuma, kichochoroni, pale wanapofikia watu wa Kasongo wanaokwenda kununua mzigo. Chumba kidogo, feni inayolalamika, ndoo, shuka zinazonukia sabuni. Bei yake ni ya watu kama sisi.

Mwenye hoteli ni mama mtu mzima, anaitwa Bi Zuhura. Nilipiga goti kidogo, nikampa mchele kwa mikono miwili. Msichana wa mapokezi akaangua kicheko, akasema, "Dada, hapa mgeni analipa tu, halafu analala." Niliona aibu hadi nikataka kuuchukua mfuko wangu.

Bi Zuhura hakucheka. Aliushika mfuko, akaniangalia sana, akasema katika miaka yake yote ya kupokea wageni ni mtu mmoja tu aliyewahi kumletea mchele. Mama mmoja wa Kongo, mwenye mwanya, anayecheka huku ameziba mdomo. Kisha akaniuliza, "Wewe ndiye Mwamini?"

Mama, alilijua jina langu. Nilikaa palepale kwenye ngazi.

Alinipandisha hadi juu ya paa, wanakoanika nguo. Katikati ya majengo mawili marefu, nyuma ya kamba, bahari ilikuwepo. Kipande tu, upana wa mlango, na meli imesimama ndani yake. Akaniambia ulikuwa unapanda pale kila asubuhi na kitenge kilicholowa, na unachelewa sana kushuka. Ulimwambia kwamba siku moja utamleta Mwamini wako aione.

Unajua ninakoelekea. Siku ile wakwe wa binti yangu walipokuja kutoka Nyangwe, ulianza tena kuwasimulia: "Nilikuwa naanika kitenge, bahari iko mbele yangu, naangalia mpaka macho inachoka." Nami nilitaka kuonekana mjanja mbele ya wageni. Nikasema, "Mama, acha uongo. Bahari inaonwa na wenye kulala kwa matajiri. Wewe ulilala juu ya marobota ya vitenge." Watu walicheka. Nawe ulicheka, umeziba mdomo, ukajivutia kitenge begani.

Tangu siku hiyo hukuitaja bahari tena. Hata ulipolala mgonjwa, nikakuomba unisimulie chochote, ulinisimulia mvua, ukanisimulia mashamba ya Wamaza, bahari ukairuka. Nilidhani umesahau. Hukusahau. Niliifunga mimi kinywani mwako, na hilo ndilo linalonizuia kula. Nisamehe, Mama.

Kesho yake nilifua kitenge chako cha njano, kile nilichochukua siku ya kugawa nguo zako, nikakianika kwenye kamba ileile. Sikushuka mpaka Bi Zuhura aliponiita kunywa chai. Mchele tuliupika mchana, na yule msichana wa kicheko alipakua mara mbili.

Ijumaa nakwenda Nyangwe. Nimeshawatumia salamu wakwe wakae nyumbani, wale wote waliokuwepo. Nitasema mbele yao kwamba mama yangu hakudanganya, na kwamba mimi ndiye niliyemwaibisha. Hapa kwa kalamu tuko wawili tu, na mimi nilikukosea mbele ya watu. Wakitaka kucheka, zamu hii wanicheke mimi. Safari ijayo nitamchukua binti yangu, nimpandishe pale juu na nguo zake mbichi, nimwambie bibi yake alikuwa anasimama wapi.

Mungu akupanulie kaburi, Mama, akupe usingizi mwema. Uliiona bahari. Nami sasa nimeiona, palepale paani kwako. Ni upana wa mlango tu, lakini macho yalichoka kama ulivyosema.

Mwanao, Mwamini