Magauni ya Mama Ndani ya Foronya

Chumba cha nyuma, ghorofa ya tatu
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Kwa heshima zote nakutangazia kwamba chini ya kitanda changu sasa panaonekana sakafu. Shemeji yako aliinama akaitazama kama mtu aliyeonyeshwa nchi mpya. Nitakueleza ilivyotokea, ila salamu kwanza. Hujambo? Wanao hawajambo? Kile kifua chako kimetulia? Sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu, nao umeshazoea kutosikilizwa.

Barua yako niliipata, pamoja na ushauri wa kununua kabati lenye droo, kila rangi na droo yake. Ahsante. Kabati hilo likiingia humu mmoja wetu itabidi atoke, na shemeji yako keshasema si yeye.

Meza ya cherehani ndiyo meza yetu ya chakula. Vitambaa vya wateja hukaa kwenye magunia ya unga chini ya kitanda, vya giza upande wa kichwani, vyeupe miguuni. Magauni ya mama, yale uliyoniomba niyakate nikushonee blanketi la viraka, nilikuwa nimeshayakata vipande, nikayatia peke yake ndani ya foronya. Sikuyafua makusudi. Ukiifungua tu, mama huyo hapo. Hukuja kumzika, nikasema basi angalau mdogo wangu apate kumnusa.

Juzi nilitoka kupeleka kazi kwa mteja, nikamwacha wifi, dada yake shemeji yako. Huyu alikuja kututembelea siku mbili. Huu ni mwezi wa pili. Narudi, nakuta kamba ya dirishani imejaa vipande vinadondosha maji.

"Wifi, nimekufulia! Kile kifuko kilikuwa kinanuka uzee."

"Umevichanganya na vya wateja?"

"Nimevipanga kwa rangi, si ndivyo unavyotaka? Magunia manne nimeyafanya mawili. Hata ahsante hakuna!"

Shemeji yako naye akaingia, akaiona ile sakafu yake. "Mke wangu, kwani kitambaa si kitambaa?"

Nilikaa kupekua kimoja kimoja. Nimevitambua vitatu tu: mfuko wa gauni la kijani, alimokuwa akitia funguo, na mikono miwili ya lile la maua. Vingine nimekisia. Huenda ukalia umekumbatia pazia la jikoni la mke wa kinyozi. Usinilaumu. Ungekuja wakati ule, ungeondoka na magauni mazima.

Nimelishona hivyohivyo, na kesho nalipeleka posta.

Msalimie bwana'ko na watoto. Kaka Mkubwa anakusalimu. Mama Mdogo anauliza kama bado unaijua njia ya kurudi. Mungu akulinde huko uliko, akupe na usingizi mwema.

Wako akupendaye, hata nikinuna,
Dada Sindano

Nimesahau: blanketi nililipimia kitanda chetu, maana humu hapana pengine pa kulitandaza. Kwenye kitanda chako litaishia katikati.